Kadi Bila Posta: Je, Postikadi Inamfaa Mfanyabiashara Mdogo wa Kaliua?

Kwenye video za mafunzo ya biashara zinazozunguka kwenye simu, ushauri mmoja haukosekani: chapisha kadi ndogo yenye picha ya bidhaa yako, andika ujumbe mfupi nyuma, itume kwa posta kwa watu mia mbili tatu wanaoishi karibu nawe, kisha subiri wateja. Wanaoutoa huutetea kwa hoja tatu: kadi ni nafuu kuliko redio, haina bahasha ya kufungua, na haifutiki kwa kidole kama meseji. Fundi cherehani wa Kaliua mjini, mkoani Tabora, au muuza sola wa Usinge wilayani humo akiusikia ushauri huo hubaki na maswali ambayo video haiyagusi. Aitume kwa anwani ipi? Ataipokea nani, na lini? Na kama kila mtu ana simu, kadi ya nini?

Mkanganyiko huu una chanzo chake. Maswali mawili yamefungwa pamoja yakaonekana moja: kama karatasi iliyochapwa bado ina nguvu ya kumvuta mteja, na kama Posta ndiyo njia ya kuifikisha kwake. Huko ushauri ulikotoka hakukuwa na haja ya kuyatenganisha. Kaliua haja ipo, tena kubwa, kwa sababu majibu yake hayafanani.

## Ushauri ulikotoka

Postikadi rasmi ya kwanza ilitolewa na posta ya Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Mwenye wazo alikuwa Emanuel Herrmann, mwalimu wa uchumi, na hoja yake ilikuwa ya kiuchumi hasa: barua nyingi zina habari chache, hivyo bahasha, lakiri na salamu ndefu ni gharama ya bure. Kadi moja isiyofunikwa, yenye stempu iliyochapwa tayari, ilitosha, na nauli yake ilikuwa ndogo kuliko ya barua. Uingereza ilifuata mwaka 1870. Wafanyabiashara waliichangamkia mapema kwa sababu hiyohiyo. Taarifa kwamba mzigo umefika, au kwamba wakala atapita mjini wiki ijayo, haihitaji siri wala kurasa mbili.

Matumizi ya leo ya kutangazia biashara ndogo yamekomaa zaidi Marekani. Mwaka 2011 posta ya huko ilianzisha huduma iitwayo Every Door Direct Mail. Mwenye duka la piza huchagua njia anayopita tarishi mmoja, hulipia, na kadi zake huingia katika kila nyumba ya njia hiyo bila yeye kujua jina la mkazi hata mmoja. Ufanisi huo una masharti yake: kila nyumba iwe na sanduku lake mlangoni, tarishi apite karibu kila siku, na mkazi awe na mazoea ya kutoa karatasi sandukuni na kuziangalia moja moja kabla ya kutupa. Ondoa sharti moja tu kati ya hayo na hesabu yote inavurugika. Hata Denmark, nchi tajiri yenye historia ya posta ya miaka 400, imefikia mahali ambapo shirika la PostNord lilitangaza Machi 2025 kwamba lingeacha kusambaza barua mwishoni mwa mwaka huo, kwa kuwa waandikaji wamepungua mno. Kwa hiyo hata katika nchi zilizoendelea ushauri huu hausimami kila mahali.

## Pwani iliwahi kuifanya, kwa namna yake

Ingekuwa makosa hata hivyo kudhani kwamba postikadi ya biashara ni kitu kigeni kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Unguja ilikuwa na studio za wapiga picha Wagoa ambao leo majina yao huonekana kwenye makusanyo ya picha za kale: A. C. Gomes, Pereira de Lord, Coutinho. Waliuza postikadi za bandari, mitaa ya Mji Mkongwe, karafuu zikianikwa na watu mashuhuri wa zama zao. Dar es Salaam wakati wa Wajerumani alikuwapo Walther Dobbertin, ambaye picha zake zilisambaa kwa njia hiyohiyo.

Studio hizo zilikuwa biashara ndogo za ukoo au za mtu na wasaidizi wachache, na postikadi ilizifanyia kazi mbili kwa pamoja. Kwanza ilikuwa bidhaa yenyewe. Abiria wa meli aliyeshuka kwa saa chache aliinunua kwa pesa yake. Pili, jina la studio lilichapwa pembeni, hivyo kadi ilipofika Hamburg au Bombay ilikuwa imelitangaza jina hilo kwa kila aliyeishika, na nauli ya safari hiyo aliilipa mteja. Mpango kama huo hauhitaji bajeti ya matangazo. Unachohitaji ni wageni wanaopita, picha wanayoitamani, na posta inayofanya kazi mahali walikotoka. Capital Art Studio, iliyofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930, imeendelea kuuza picha za kale za visiwa kwa wageni mpaka nyakati hizi, kwa mantiki ileile.

Ukitoka pwani kufuata njia ya misafara kuelekea Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, mambo yanabadilika. Mfuko wa barua za mpelelezi David Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulitoka Unguja ukakwama njiani kwa miezi, mpaka mwanahabari Henry Stanley alipoukuta Unyanyembe mwaka 1871 akaubeba kwenda Ujiji. Barua zilifika baada ya mwaka mzima. Sababu mojawapo ni kwamba mbebaji hakuwa na sababu ya haraka wala mtu wa kumsukuma. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 kasi ilibadilika, lakini swali la nani anabeba ujumbe na kwa faida gani lilibaki palepale. Kwa Kaliua ya leo hilo ndilo swali la msingi.

## Kaliua ya leo: watu, pesa na anwani

Kaliua ilimegwa kutoka Urambo ikawa wilaya mwaka 2012. Sensa ya 2022 iliikuta na watu zaidi ya laki sita, ilhali miaka 10 kabla walikuwa karibu laki nne. Ongezeko hilo lina maana kubwa kwa muuzaji: sehemu nzuri ya wateja wake ni wageni wa juzi, Wasukuma waliofuata malisho na mashamba, Waha, watu wa makazi ya Ulyankulu waliotoka Burundi tangu mwaka 1972 na watoto wao, pamoja na Wanyamwezi wenyeji. Sifa ya duka iliyojengwa kwa miaka mingi kwa mdomo, ambayo katika mji wa zamani ingetosha kuwa tangazo, huku haijawafikia wengi.

Mji wenyewe umekaa kwenye njia panda ya reli. Hapo ndipo tawi la Mpanda linapochepuka kutoka reli ya kati kwenda Kigoma. Tawi hilo, la takriban kilomita 210, lilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Mpanda. Abiria wanaobadilisha au kusubiri treni wapo, na wanaopita kwa basi pia wapo.

Pesa huja kwa msimu. Tumbaku ndiyo zao kuu la biashara, na masoko yake huanza karibu Aprili au Mei. Malipo hupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na benki, hivyo mkulima hupata kwa mkupuo fedha aliyoisubiri tangu kupanda. Kati ya mkupuo mmoja na mwingine wengi huishi kwa mazao ya chakula, mifugo, asali na mikopo midogo. Muuza mabati anayetangaza Januari anazungumza na mtu ambaye hata akikubaliana naye hana cha kumpa.

Tukija kwenye anwani, Tanzania haijawahi kuwa nchi ya tarishi wa kugonga hodi vijijini. Barua zetu huishia kwenye sanduku la posta, na sanduku ni la kukodi kwa mwaka. Wenye masanduku ni shule, parokia, zahanati, ofisi za serikali, AMCOS, na watu wachache binafsi. Mwananchi wa kawaida, akitakiwa kuandika S.L.P. kwenye fomu, huazima ya shule au ya kanisa. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliipa mitaa majina na nyumba namba, na postikodi za tarakimu 5 zipo kwa kila kata. Ni hatua kubwa, ila kibao cha namba ukutani hakileti tarishi mlangoni.

## Wanaosema karatasi imepitwa na wakati

Wanaobishana kuhusu kadi wako makundi matatu, na kundi la kwanza halina muda na mjadala huu. Lina simu. Picha ya gauni lililoshonwa leo asubuhi huwekwa kwenye status ya WhatsApp mchana, na kabla ya magharibi mteja ameshauliza bei, amepunguziwa na ametuma nusu ya fedha. Hakuna kadi inayoweza kujibu swali la mteja. Gharama ni bando tu, ambalo muuzaji angelinunua hata bila biashara. Kwa bidhaa zinazobadilika kila wiki, kama mitumba, vitenge na viatu, hoja hii haina mpinzani, na mwenye kibanda cha mitumba anayefikiria kuchapisha kadi ashauriwe aache.

Udhaifu wa simu uko mahali wengi hawapaangalii. Status huonwa na mtu ambaye namba yako anayo na yake unayo. Kwa maneno mengine, unawatangazia wanaokufahamu tayari, na wakikupongeza unadhani mji mzima umekuona. Baada ya saa 24 tangazo limefutika. Tena sehemu kubwa ya wakulima vijijini bado wanatumia viswaswadu visivyoonyesha picha, na wenye simu janja wengi huwasha data kwa kipimo.

Halafu kuna meseji za kawaida, ambazo zingefika hata kwenye kiswaswadu. Hizi zimeharibiwa na matapeli. Miaka mingi ya "ile hela tuma kwenye namba hii" imewafunza Watanzania kuitilia shaka meseji yoyote inayotoka kwenye namba ngeni na kutaja fedha, na usajili wa laini kwa alama za vidole uliokamilishwa mwaka 2020 haukuifuta shaka hiyo. Sheria nayo imeingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Muuza pembejeo anayenakili namba za wanachama wa AMCOS kutoka kwenye daftari la katibu ili awatumie matangazo anacheza na jambo zito kuliko anavyodhani. Kadi inayogawiwa bila jina wala namba ya mpokeaji haina tatizo hilo.

## Wanaosema ipelekwe Posta

Kundi la pili ni dogo, na kwa haraka huonekana limepotea njia. Kama wananchi hawana masanduku, kadi ya posta itamfikia nani?

Itawafikia wenye masanduku, na hapo ndipo hoja yao inapopata uzito. Ukiwaorodhesha wenye S.L.P. wilayani unapata karibu orodha ya wanunuzi wakubwa: shule za msingi na sekondari zinazohitaji sare na samani, parokia na misikiti yenye majengo, vituo vya afya, vyama vya ushirika vyenye maghala. Fundi seremala anayeweza kutengeneza madawati 60, au fundi cherehani mwenye vyerehani vitano, hahitaji kuwafikia watu laki sita. Anahitaji kujulikana na wakuu wa shule kadhaa na wahasibu wao. Kadi yenye picha ya dawati lake, iliyoandikiwa "Mkuu wa Shule" na kutumwa kwa barua, hufika ofisini ikiwa na heshima ya barua. Hugongwa mhuri wa kupokelewa na kuwekwa kwenye jalada. Kipeperushi alichokiacha kijana wa pikipiki getini hakipati heshima hiyo.

Kuna kizingiti kimoja ambacho waliozoea miaka ya nyuma hukisahau. Ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa NeST tangu Julai 2023, na shule ya serikali haiwezi kumpa kazi fundi asiyesajiliwa humo kwa sababu tu kadi yake ni nzuri. Kwa taasisi za umma, basi, postikadi humfanya fundi ajulikane lakini haimpi zabuni. Kwa shule binafsi, makanisa, misikiti na nyumba za kulala wageni, ambazo hununua kwa utaratibu wao, bado inaweza kufunga biashara.

Wanufaika wengine wa Posta ni wale ambao wateja wao hawapo Kaliua. Asali ya misitu ya miombo ya Tabora ina jina nchini, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo Tabora mjini. Mwenye kikundi cha wafugaji nyuki anayesafirisha ndoo za asali kwenda Dar es Salaam au Mwanza anaweza kuweka postikadi ndani ya kila mzigo: mbele mzinga juu ya mti wa mninga, nyuma jina la kikundi, namba ya simu na mwezi wa mavuno yajayo. Hapo kadi husafiri bure kama zile za Unguja, kwa kuwa mteja ameshalipia nauli ya mzigo. Huu, kwa maoni yangu, ndio utumiaji bora kuliko wote unaozungumzwa katika makala haya, na ajabu ni kwamba video zile hazitaji kitu kama hiki.

## Wanaosema igawiwe kwa mkono

Kundi la tatu linaitupa Posta na kuibakiza kadi. Nguvu ya hoja yao inatokana na desturi ambayo kila Mtanzania anaijua. Ukikabidhiwa kadi ya mchango wa harusi huwezi kusema hukuiona. Imeandikwa jina lako, imeletwa na mtu unayemfahamu, na utamkuta tena kesho. Karatasi ngumu iliyochapwa vizuri tumeizoea kama kitu chenye madai juu yetu, iwe ya mchango, ya mwaliko, ya kliniki au ya chama, na ndiyo maana hatuitupi ovyo kama tunavyotupa kipeperushi chepesi. Postikadi ya biashara inaazima sehemu ya heshima hiyo.

Zaidi ya karatasi, kuna mbebaji. Mama lishe wa stendi akiiweka kadi ya gesti kwenye meza yake na kumwambia abiria "hapa pana maji na usalama", tangazo si la kadi tena. Fundi umeme akiacha kadi ya duka la vifaa nyumbani kwa mteja, anaweka na jina lake mwenyewe rehani. Mteja hamwamini aliyechapisha, anamwamini aliyemkabidhi.

Ubaya wa njia hii unatokana na uzuri huohuo. Mbebaji anayeaminika ni mmoja na muda wake ni mchache. Ukitaka kadi mia tano ziishe haraka utamlipa kijana azigawe mnadani, na hapo imani yote inayeyuka: anampa kila anayepita, nusu zinakanyagwa kwenye vumbi kati ya ng'ombe na magari, na ile heshima ya kadi imeshageuka kuwa takataka yenye jina lako. Kuna pia suala la mahali na wakati. Kugawa kadi nje ya ofisi ya AMCOS siku ya malipo kunalipa, hilo halina ubishi, kwa sababu pesa ipo mfukoni. Lakini ndiyo siku ambayo wakopeshaji, wauza pikipiki na wauza vinywaji wote wamejipanga mlangoni, na familia nyingi za wakulima zina kumbukumbu chungu za fedha ya msimu kuishia njiani. Muuzaji wa mabati au sola anayetaka kuaminiwa na mama wa nyumba hiyo afikirie kama anataka kuonekana katika foleni ile, au kadi yake ifike nyumbani wiki mbili kabla, wakati mume na mke wanapanga pamoja.

## Hesabu

Mabishano mengi yangeisha mapema kama watu wangeanza na hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Kadi 500 kwa shilingi 300 kila moja ni shilingi 150,000. Ongeza 50,000 za kuwalipa wagawaji na nauli, jumla 200,000.

Muuza mchele anayebakiwa na faida ya shilingi 200 kwa kilo atahitaji kuuza kilo 1,000 za ziada kurudisha fedha hiyo. Fundi cherehani anayebakiwa na shilingi 8,000 kwa sare atahitaji sare 25, yaani mteja mpya mmoja kwa kila kadi 20. Hilo si rahisi lakini linawezekana kama kadi zimepelekwa kwa wazazi Desemba, kabla shule hazijafunguliwa. Muuza sola anayebakiwa na shilingi 60,000 kwa seti atahitaji wateja wanne tu. Kadi 496 zingine zikitupwa, hajapoteza kitu.

Bei halisi zitatofautiana, lakini mpangilio huo haubadiliki. Kadi humfaa anayeuza kitu kinachonunuliwa kwa nadra, chenye faida kubwa kwa kila mauzo, na ambacho mteja hukifikiria kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua. Katika wiki hizo kadi inakaa dirishani au kwenye fremu ya picha ukutani ikimkumbusha. Mchele, sabuni na vocha hununuliwa pale palipo karibu, na hakuna kadi itakayobadilisha hilo.

Uchapishaji wenyewe una mtego. Kiwanda cha chapa Tabora mjini au Dar es Salaam hutengeneza sahani ya kuchapia ambayo gharama yake ni ileile uchapishe kadi 100 au 5,000, hivyo mteja hushawishiwa kuchukua nyingi ili bei ya moja ishuke. Mfanyabiashara mdogo akikubali, anabaki na maboksi ya kadi zenye bei za mwaka jana. Kwa idadi ndogo steshenari ya mjini inatosha. Karatasi ya A4 ya manila hutoa kadi nne za ukubwa wa A6, milimita 105 kwa 148, na zikikatwa vizuri hazina mabaki. Aulizie tu printa inayotumika. Wino wa maji huchuruzika kadi ikishikwa na mkono wenye jasho au ikinyeshewa, na Kaliua mvua ikianza Novemba hukaa mpaka Aprili. Printa ya leza, ambayo huyeyusha unga wake kwenye karatasi, huvumilia zaidi. Bei zisichapwe kabisa. Iachwe nafasi nyeupe, ziandikwe kwa kalamu. Maandishi ya mkono huongeza jambo jingine ambalo uchapaji hauwezi kuliongeza: mpokeaji anaona kwamba kuna mtu aliyeketi akaiandika.

Juu ya nini kiwekwe, pengine kosa la kawaida kuliko yote ni kujaza. Picha moja ya kitu halisi, kilichopo dukani, si picha ya intaneti ya nyumba ya Ulaya yenye paneli za sola. Jina la duka, mahali kwa alama inayojulikana ("mkabala na stesheni" inamsaidia mgeni kuliko jina jipya la mtaa), namba ya simu. Lipa namba ikiwekwa, liandikwe na jina litakalotokea kwenye simu ya mlipaji, ili akiona jina tofauti ajue kadi imechezewa. Kadi inayotaja namba ya kulipia bila jina inafanana mno na meseji za wale matapeli.

## Kujua kama imefanya kazi

Njia inayopendekezwa sana ni punguzo: "leta kadi hii upunguziwe." Inahesabika kirahisi, kwa kuwa kadi zinazorudi unazishika mkononi. Ila ina kasoro mbili. Mteja wa zamani, ambaye angekuja hata bila kadi, ndiye wa kwanza kuileta, na muuzaji anajikuta ameuza kwa hasara kwa watu waleule huku akishangilia idadi. Halafu katika biashara ya kupatana bei, punguzo lililoandikwa halina maana kubwa, kwa sababu mteja atalipokea kisha aanze kupatana kuanzia hapo.

Kinachosaidia zaidi ni alama ndogo pembeni kulingana na zilikopelekwa: M kwa zile za mnadani, S kwa za shule, T kwa za stesheni. Mteja anayekuja au kupiga simu akiulizwa "kadi yako ina herufi gani?" hajibu kwa shida, na daftari la kawaida linatosha kuandikia. Aulizwe pia kama aliwahi kununua hapo. Baada ya msimu mmoja muuzaji atajua ni mlango upi wa kurudia na upi wa kuacha, na atakuwa ametumia kadi 200 kujua hivyo, siyo 5,000.

## Mizani inapoelekea

Hakuna kundi kati ya matatu lenye ukweli wote, lakini hayako sawa pia. Kwa duka la bidhaa za kila siku, wenye simu wameshinda. Kwa anayehudumia taasisi, Posta ina thamani ambayo wengi wameisahau, mradi asiitarajie ipite juu ya NeST. Kwa wauzaji wa sola, mabati, pampu za maji, sare, samani na huduma za gesti, kadi ya mkononi ndiyo yenye hoja nzuri zaidi, hasa katika wilaya inayopokea wageni kwa kasi ambayo status ya mtu haiwafikii. Na hata hao hawataacha simu. Kadi humfanya mgeni aihifadhi namba, na kuanzia siku hiyo status nayo inamfikia.

Mahali ambapo uamuzi bado ni mgumu ni kwa wanaotaka kuwauzia postikadi abiria wanaopita. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na reli hiyo ikikamilika idadi ya wanaopita inaweza kubadilika. Lakini treni ya kasi ina tabia ya kupunguza muda wa kukaa vituoni, na muda wa kukaa ndio uliozifanikisha studio za Unguja, ambako meli ilitia nanga kwa saa kadhaa. Kikundi cha asali kinachofikiria kuweka fedha kwenye postikadi za kuuzia abiria stesheni kingojee kuona ratiba kwanza. Njia ile ya kuweka kadi ndani ya mzigo wa asali haihitaji kungoja reli. Inaweza kuanza na mzigo unaopakiwa kwenye basi wiki hii.